Je, Baba Anaharibu Maziwa ya Mama?

Kuna jambo ambalo mama wengi hawalisemi mbele ya mganga. Mtoto wa mwaka mmoja analetwa hospitali, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hataki kucheza. Tukiuliza ugonjwa ulianza lini, mama anatazama chini. Bibi aliyemsindikiza ndiye anayejibu: “Walilala pamoja wakati mtoto angali akinyonya.” Nyumbani wamekwisha kumhukumu. Kwa ajili ya hukumu hiyo alimficha mtoto siku nyingi, akamleta wakati nguvu zimekwisha. Basi tuseme wazi juu ya jambo hili.

Wazee wetu wa Kasongo na Kabambare walijua tangu zamani kwamba mke aliyezaa hakaribiwi na mumewe mpaka mtoto atembee vizuri na kuacha titi. Desturi hii ilikuwa katika sehemu nyingi za Kongo, na miaka miwili au mitatu ya kukaa mbali haikuwa ajabu. Mara nyingi mama alirudi kwao, akalala na mama yake. Watu walisema mbegu ya mume inaingia katika maziwa na kuyaharibu. Ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania, wana neno lake kabisa: mtoto amebemendwa.

Usifikiri kwamba hayo ni mawazo ya Waafrika tu. Galen, mganga mkubwa wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 1800 iliyopita, alifundisha kwamba mama anayenyonyesha asilale na mwanamume, maana maziwa yataharibika. Mwaka 601 Papa Gregori wa Roma alimwandikia Agostino aliyekuwa Uingereza kwamba mume asimkaribie mkewe mpaka mtoto aachishwe titi.

Jirani zetu Waislamu, ambao dini yao ilifika Kasongo pamoja na watu wa Tippu Tip, wana habari inayofaa kusikiwa. Katika kitabu cha hadithi cha Muslim imeandikwa kwamba Mtume wao alitaka kukataza jambo hili. Kisha akakumbuka kwamba Warumi na Waajemi wanalifanya, na watoto wao hawapati madhara. Hakulikataza. Hata hivyo hofu ilibaki katika nyumba nyingi, kwa Waislamu na kwa Wakristo sawasawa.

Na Biblia je? Sheria ya Musa, katika Walawi 12, iliweka siku 40 za kutakaswa kwa mama aliyezaa mwana, na 80 kwa aliyezaa binti. Haikusema neno juu ya maziwa. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anawashauri mume na mke wasinyimane, ila kwa mapatano, kwa muda, wapate kusali, kisha warudiane. Angalia neno hilo la mapatano. Si mama mkwe anayepatana, wala si mume peke yake.

Hapa imetupasa sisi watu wa kanisa kukiri jambo. Zamani desturi ya kukaa mbali ilisimama juu ya ndoa ya wake wengi: mume alikwenda kwa mke mwingine. Misioni zikafundisha mke mmoja, na amri ya serikali ya 4 Aprili 1950 ikakataza ndoa mpya za wake wengi. Tulifundisha vema. Lakini mume na mke mmoja waliachwa na desturi ile ile ya miaka miwili, na kwa muda mrefu hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Wanaume wengi walikwenda nje kwa siri. Tangu 1981 Kanisa la Kristo lilishiriki katika mpango wa SANRU wa afya ya vijijini, na kupanga uzazi kulikuwa ndani yake. Lakini mafundisho hayo hayajafika katika kila nyumba.

Sasa tutazame mwili ulivyoumbwa. Maziwa yanatengenezwa ndani ya titi, kwa vitu vinavyoletwa na damu ya mama. Kutoka tumbo la uzazi hakuna njia ya mbegu kufika huko. Mume akilala na mkewe, maziwa ya kesho ni yale yale ya jana.

Basi wazee walidanganyika kabisa? Hapana. Walichokiona kilikuwa kweli. Mama akishika mimba upesi, maziwa hupungua, mtoto huachishwa kwa ghafula, naye hupewa bukari ya muhogo tupu. Muhogo unashibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Ndipo miguu inavimba. Mwaka 1933 mganga Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huo katika inchi inayoitwa leo Ghana. Watu wa huko waliuita kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwa kuwa mwingine amekuja. Wao pia waliona mimba ile mpya. Kinachomwumiza mtoto ni kunyimwa chakula cha kumjenga, wala si kitanda cha wazazi wake.

Liko jambo moja ambalo kwalo baba anaweza kweli kumdhuru mtoto kwa njia ya maziwa. Akienda nje na kurudi na virusi vya UKIMWI, anaweza kumwambukiza mkewe, na mama aliyeambukizwa wakati wa kunyonyesha anaweza kumpitishia mtoto. Mama wa namna hiyo asikate titi kwa hofu; aje upesi apimwe na kupewa dawa. Kisonono nacho huziba mirija ya uzazi, na nyumba ikabaki bila mtoto mwingine.

Baada ya kuzaa, ngojeni mpaka damu ikome na vidonda vipone, kama majuma sita. Kisha patananeni. Waganga wa Shirika la Afya Duniani wanashauri kungoja angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na hapo wazee wetu walikuwa wamekwisha kufika. Kwa miezi sita ya kwanza kunyonyesha kwenyewe ni kinga: ikiwa mtoto hapewi maji wala uji, ananyonya mchana na usiku, na mama hajaona damu ya mwezi, chini ya wanawake 2 katika 100 hushika mimba. Moja la mambo hayo likibadilika, kinga imekwisha. Njooni wote wawili mwulize juu ya kapoti, sindano, kipandikizi, au vidonge vinavyomfaa mama anayenyonyesha.

Na wewe uliyekwisha kushika mimba na mtoto angali kifuani, usimwachishe siku moja. Mwendelee kidogo kidogo. Tia karanga zilizosagwa au ndagala zilizotwangwa katika uji wake, mpe maharagwe na yai likipatikana, na mlete apimwe uzito kila mwezi. Atakayekuuliza nyumbani mlilala wapi, mwambie aje naye siku ya kupima.