Ubane Nauli, Usibane Uhai

Imekuwa desturi katika shule zetu kuamini kwamba utalii ni shughuli ya wageni na ya watu wenye mifuko mizito. Mwalimu akithubutu kutaja safari ya baharini katika mkutano wa wazazi, minong'ono husikika kabla hajamaliza sentensi yake. Matokeo ni kwamba mwanafunzi wa Kakamega, wa Nyeri, na hata wa Kinango ambako bahari haiko mbali, humaliza kidato cha nne akiwa na uwezo wa kueleza katika karatasi ya mtihani tofauti ya maji kujaa na maji kupwa, ilhali macho yake hayajapata kuyaona maji hayo yakijaa wala yakipwa.

Mimi nashikilia kwamba bahari yetu yaweza kutembelewa na mtu wa kipato kidogo, na kwamba yafaa itembelewe. Lakini nashikilia pia neno la pili ambalo huenda likawaudhi wapenda vya rahisi. Katika safari ya namna hiyo pana mahali pa kubana fedha, na pana mahali ambapo kubana fedha ni kuchezea roho za watu. Asiyeweza kuzitenga sehemu hizo mbili afadhali abaki nyumbani.

Mfano wangu ni kisiwa cha Wasini, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kwale. Upande wake wa bahari kuu ndiko iliko Mbuga ya Bahari ya Kisite pamoja na Hifadhi ya Mpunguti, zilizotengwa katika miaka ya 1970 baada ya zile za Malindi na Watamu kutangulia mwaka wa 1968. Ndani ya Kisite hairuhusiwi kuvua hata dagaa mmoja. Katika Mpunguti wavuvi wa huko huruhusiwa kuvua kwa zana zao za jadi. Njia ya kufika ni ya mtu yeyote. Msafiri huvuka kwa feri ya Likoni, hupanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga, huacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto hadi Shimoni, kisha huingia mashuani.

Tuliondoka walimu watatu na wanafunzi 12 wa kidato cha tatu, asubuhi moja ya mwezi wa Desemba, miaka kadhaa iliyopita. Tuliuchagua msimu wa kaskazi kwa sababu maji huwa maangavu kuliko wakati wa kusi, ambapo bahari huchafuka na mawimbi kupanda. Fedha zilikuwa haba, lakini ari ilikuwa tele.

Matatu yetu ilizima baada ya kupita Ramisi. Utingo, ambaye alikuwa ametuhakikishia kwamba gari lilitoka gereji jana yake, aliondoka kwa pikipiki kwenda kutafuta kipuri, akarejea baada ya saa mbili na nusu akiwa na kipuri cha gari la aina nyingine. Tulikaa chini ya mwembe. Vijana walinunua madafu, na mgema mmoja akawaonyesha kwa mkono wake kitale, dafu, koroma na nazi, kila kimoja kikiwa na umri wake. Ubao haukuwahi kulifundisha somo hilo vizuri hivyo.

Nyumba ya wageni tuliyofikia usiku ilikuwa na vitanda vya kamba, vyandarua vilivyofungwa mafundo penye matundu, na maji ya kisima yenye chumvi yaliyokataa katakata kutoa povu la sabuni. Walimu walinung'unika, wanafunzi walilala fofofo. Usumbufu wa aina hii simlaumu mtu kwa ajili yake. Gari bovu hukupotezea saa, kitanda kibovu hukupa maumivu ya mgongo, lakini kesho yake unaamka ukiwa mzima. Hapo ndipo mahali halali pa kubana senti. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Mambo yalianza kubadilika sura tulipofika gatini. Dalali mmoja alikuwa ameturadhi kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya bei za wenzake, na katika stakabadhi akaandika maneno mawili: "kila kitu". Asubuhi ile ikabainika kwamba ada ya mbuga haikuwamo katika hicho kila kitu, wala chakula cha mchana, na yeye mwenyewe simu yake ilikuwa imezimwa. Ada tuliilipa kutoka katika fungu la chakula, na siku ile tukashinda kwa mihogo. Hata hilo nalo ningelisamehe. Lakini mashua yenyewe ilikuwa na jaketi tisa za kuokolea maisha, na abiria tulikuwa 17, kwa kuwa walikuwa wameunganishwa nasi vijana wawili ambao hatukuwajua.

Tulikataa kupanda. Mwenye mashua alishangaa mno. "Bahari leo imelala, mwalimu," alisema, akinyosha mkono kuelekea maji yaliyokuwa yametulia kweli kweli. Tulimjibu kwa adabu kwamba tutasubiri ilale zaidi hadi jaketi nyingine nane zipatikane. Zilichukua saa nzima kuazimwa kutoka kwa mashua za jirani. Wanafunzi wachache walitukunjia nyuso kwa kucheleweshwa, na yule kijana mgeni akasema wazi kwamba walimu wa siku hizi ni waoga.

Yaliyo chini ya maji ya Kisite ni ya kuonwa, na kalamu yangu haitoshi kuyasimulia. Mtu hulala kifudifudi juu ya maji, miwani usoni na mrija wa kupumulia mdomoni, na papo hapo dari ya bahari humfungukia. Vitatange wenye mistari ya manjano na myeusi hupita kwa makundi bila ya kumjali. Mkunga hutoa kichwa pangoni kama bawabu. Kasa hupiga makasia yake polepole, asiwe na haraka ya kufika popote. Ukitulia utasikia sauti ya kuguguna; ni pono anayekwangua matumbawe kwa meno yake, na kile anachokimeza hukitoa baadaye kikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ufukweni imepita katika tumbo la samaki huyo. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sijapata kuona mahali ambapo methali hiyo inatimia wazi zaidi ya hapo.

Katikati ya uzuri huo yule kijana mgeni alipatikana na masaibu. Miwani aliyopewa ilikuwa na ukingo uliopasuka, maji yakamwingia puani, akababaika. Badala ya kuelea kwa msaada wa jaketi lake alitafuta pa kusimama, akasimama juu ya tumbawe. Tawi likakatika kwa mlio tuliousikia, na wayo wake ukachanika vibaya. Nahodha, Mvumba wa makamo aliyekuwa hasemi sana, alimvuta hadi mashuani, akamwosha jeraha kwa maji safi ya kunywa, akalifunga kwa kitambaa. Kisha akatugeukia sisi walimu. "Nyinyi huko bara mwayaita mawe," alisema, "lakini haya yanakula, yanazaa na yanakufa."

Asemavyo nahodha ndivyo isemavyo sayansi. Tumbawe ni maskani ya maelfu ya wanyama wadogo wenye miili laini, ambao hujijengea nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo inayowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula chao kwa kutumia mwanga wa jua. Maji yakizidi kuwa na joto, wanyama hao huwatema wapangaji wao, nalo tumbawe hugeuka jeupe. Joto likidumu, hufa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka wa 1998, wakati wa El Niño, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu iliangamia. Na mwaka wa 2024 wataalamu walitangaza kwamba janga kama hilo limeikumba dunia nzima kwa mara ya nne. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Lile lenye kimo cha mita moja huenda limechukua karne nzima kufika hapo, na wayo wa mtu mmoja aliyepewa miwani mibovu waweza kulivunja kwa nukta moja. Wenyeji wa Wasini na Mkwiro, wakishirikiana na wanasayansi, wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe kimoja kimoja kwa mikono. Je, ni haki sisi tuje kuvunja kwa ubahili kile wanachokijenga kwa jasho?

Tulipokuwa tukirudi, mtambo wa mashua ulikohoa mara tatu, ukanyamaza. Maji yalikuwa yameingia katika mafuta. Bahari iliyosemekana kuwa imelala ilikuwa imekwisha kuamka. Upepo wa alasiri ulivuma, na mkondo wa maji ya kupwa ukaanza kutuchukua polepole mbali na kisiwa. Kwa muda wa dakika 40 hivi hapakuwa na mzaha mashuani. Nilimwona yule kijana aliyetuita waoga akikaza kamba za jaketi lake, akizifungua, akizikaza tena. Hatimaye mashua nyingine ilituona, ikatutupia kamba na kutukokota hadi Shimoni. Hakuna aliyezama, na kwa hiyo hakuna gazeti lililoandika. Lakini nilijiuliza swali ambalo bado linaniandama: lau tungekubali zile jaketi tisa, ni nani kati ya wale watoto 12 ambaye ningemwambia akae bila?

Nchi hii haihitaji kukumbushwa kwa mbali. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka hatua chache tu kutoka nchi kavu, na watu 272 wakapoteza maisha yao. Chombo kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi. Maji hayatambui kwamba abiria alikuwa na haraka, wala kwamba nauli ilikuwa nafuu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayepanga safari, lala pabovu ukitaka, ule mihogo, upande gari la bei ya chini. Lakini kabla ya kulipa, uliza "kila kitu" ni kitu gani na gani, na iandikwe kimoja kimoja: ada ya mbuga, mashua, vifaa, chakula. Bei iliyo nusu ya bei za wengine huwa imeacha kitu fulani nje, na mara nyingi kilichoachwa ni usalama. Hesabu jaketi kama unavyohesabu wanafunzi. Jaribu kila miwani ukiwa nchi kavu: iweke usoni bila ya kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, nayo ikishika bila ya kuanguka ni nzima. Mfundishe mwanafunzi kuelea na kupumua kwa mdomo mahali ambapo miguu yake inagusa mchanga, kabla hajaonyeshwa tumbawe hata moja. Mvalishe fulana, jua lisimchome mgongo. Tena muulize nahodha maji yanajaa na kupwa saa ngapi, na kama ni wakati wa bamvua au wa maji mafu, kwa sababu mwezi ukiwa mwandamo au mpevu mikondo huwa na nguvu nyingi.

Hapo, mpenzi msomaji, ndipo ninapofika katika kiini cha maneno yangu. Bamvua, maji mafu, kaskazi, kusi, tezi, omo, ngama: haya ni maneno ambayo wanafunzi wetu huyakariri kama orodha ya duka. Huambiwa kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao huandika maana iliyo sahihi na kupata alama zao, bila ya kujua tezi ni upande gani wa chombo. Lugha hii tunayoifundisha ilizaliwa ikiwa na mguu mmoja majini. Mtoto aliyeisoma bila ya kuiona bahari ameisoma nusu, seuze yule ambaye hata somo la sayansi la matumbawe amelipata kutoka katika picha iliyofifia kitabuni.

Watakuwapo watakaosema kwamba kulala juu ya maji na kutazama samaki ni mchezo wa Wazungu. Waseme. Bahari ya Kisite hutunzwa kwa fedha za umma na kwa subira ya wavuvi waliokubali kutoitupia nyavu. Watoto wa Kenya wakikaa mbali nayo kwa kudhani si yao, siku itakapoharibika hawatajua walichopoteza, na asiyejua alichopoteza hawezi kukidai. Mzazi na atoe kidogo alicho nacho, mwalimu na apange kwa uangalifu, mwanafunzi na ajifunze kuelea. Nauli na ipungue kadiri iwezekanavyo. Uhai wa mtoto, na uhai wa lile linaloitwa jiwe, vilipwe bei yake kamili.