Kabla ya kisu cha unene, goti liulizwe

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena wahenga. Methali hii yatufaa sana tunapomtazama mtu mnene anayeburuta mguu kutoka kituo cha matatu hadi lango la shule. Sisi tulio wazima humwita mvivu au mlafi, nao wanafunzi humbandika jina la utani. Hatujui kwamba kila hatua aipigayo ni mateso, na kwamba ugonjwa wa viungo na unene vimemfunga kama pingu mbili: goti humzuia kutembea, kutotembea humwongezea uzani, nao uzani huzidi kulitafuna goti.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Kufikia mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 33. Hapa kwetu Kwanza, na katika nchi yote ya mahindi kutoka Kitale hadi Bungoma, sababu hazifichiki. Sahani ya ugali ingali ile ile ya mkulima, lakini jembe limeachiwa trekta na mwendo wa miguu umeachiwa bodaboda. Juu ya hayo, unene kwetu una heshima yake: bibi aliyenenepa baada ya arusi husifiwa kuwa ametunzwa vyema. Mtu yule yule husifiwa anapouongeza uzani, kisha hudhihakiwa anaposhindwa kuubeba.

Si ajabu, basi, kwamba habari za upasuaji wa kupunguza uzani zimewavutia wengi. Upasuaji huu ulianza katika miaka ya 1950, na leo hufanywa hata mjini Nairobi. Aina mbili ndizo maarufu. Katika ya kwanza, mfuko wa tumbo hukatwa sehemu kubwa ukabaki mwembamba kama mrija. Katika ya pili, hutengwa kijifuko kidogo cha tumbo na kuunganishwa na utumbo, hivi kwamba chakula huipita njia yake ya kawaida. Kwa jumla, madaktari huufikiria upasuaji huu kwa mtu ambaye kilo zake zikigawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, jibu huwa 35 au zaidi. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi hesabu hii: mtu wa kimo cha mita 1.6 na uzani wa kilo 105 hupata 41.

Faida kwa viungo si ndoto. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima nguvu zinazoliangukia goti la wazee wanene wenye ugonjwa wa viungo, wakagundua kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Anayepunguza kilo 22 na nusu hulitua goti lake kilo 90, yaani gunia zima la mahindi! Tena mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Australia uliohusu wagonjwa 82 wanene waliohitaji kuwekewa goti bandia. Nusu yao walifanyiwa kwanza upasuaji wa tumbo wa kufungwa ukanda. Katika kundi hilo, asilimia 29 walipata nafuu hata wakalikataa goti bandia.

Lakini kabla ya kuuza shamba, mgonjwa hana budi kuuliza maswali matatu.

La kwanza: Ni ugonjwa gani wa viungo? Watu wetu huyaita yote baridi yabisi, kumbe yako mengi. Upo ule wa gegedu kulika kwa umri na uzito. Huu ndio unaonufaika zaidi uzani unapopungua. Upo ule ambao kinga ya mwili hugeuka ikavishambulia viungo vyenyewe. Kupungua uzani humsaidia mgonjwa, lakini hakuung'oi ugonjwa, na baadhi ya dawa zake huweza kuchelewesha jeraha kupona. Ipo pia jongo, ambayo huenda ikachachamaa katika siku za kwanza baada ya upasuaji, uzani unapoporomoka kwa kasi.

La pili, na ndilo linalosahauliwa mno: Nitatuliza maumivu kwa dawa gani baadaye? Wengi wetu huishi kwa vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki vinunuliwavyo dukani bila cheti. Kwa aliyeunganishwa utumbo, vidonge hivyo huweza kuleta vidonda pale palipoungwa, hata vikavuja damu au kutoboka. Hivyo huambiwa aviache maisha yake yote. Hata aliyekatwa tumbo likawa mrija hutahadharishwa. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mtu aliyekwenda kutafuta nafuu ya goti, akarudi nyumbani goti lingali linauma na dawa aliyoizoea imekuwa sumu kwake! Haya yapaswa kuzungumzwa na daktari wa upasuaji na daktari wa viungo kabla ya kisu, wala si baada yake.

La tatu: Nani atanifuatilia? Upasuaji ni wa siku moja, lakini matunzo yake ni ya umri mzima: vitamini, madini ya chuma na chokaa kila siku, na damu kupimwa mara kwa mara, maana mifupa huweza kudhoofika. Gharama yake katika hospitali za kibinafsi ni mamia ya maelfu ya shilingi. Mtu wa Kwanza na apige hesabu ya nauli za kwenda kliniki ya mbali mwaka baada ya mwaka, na aulize mapema bima yake italipa nini.

Kwa asiye na uwezo huo, mlango haujafungwa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wenye ugonjwa wa goti waliopunguza chakula na kufanya mazoezi kwa miezi 18 walipoteza kama sehemu moja ya kumi ya uzani wao, na maumivu yao yakapungua kwa takriban nusu. Hilo halihitaji kisu, ila lahitaji subira na jamii isiyocheka.

Hapo ndipo shule zinapoingia. Mwalimu mkuu aweza kumpangia mwalimu mwenye viungo vibovu madarasa yaliyo karibu na kumwekea kiti mbele ya ubao. Wanafunzi nao waweza kufunzwa kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Anayeuchagua upasuaji baada ya kuuliza hajakimbia kazi ya kujinyima, na anayeukataa hakukosa ujasiri. Wote wawili wanabeba mzigo ambao sisi hatujaupima.