Je, Wajua? Bunduki ya Keya Iliogeshwa Maji ya Moto
Vijana wengi wa Arua na Koboko, Uganda, waliingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, aliingia mwaka 1946, tena akianzia jikoni. Bunduki ya Keya ilikuwa Lee-Enfield ya risasi .303. Kwenye ile ya Vita Kuu ya Kwanza, kilengeo kiliandikwa hadi yadi 2,000, zaidi ya mita 1,800: mtu huko ni sisimizi! Ila fataki za risasi hizo ziliacha chumvi mtutuni, ikavuta unyevu na kuleta kutu. Mafuta hayaiyeyushi. Askari alimimina maji yanayochemka, akakausha, ndipo akapaka mafuta. Walenga shabaha wanaofyatua risasi hizo kuukuu leo, Uingereza au Marekani, bado huchemsha maji.