Mume Hajaokoka: Je, Mungu Atamlazimisha?



Katika vikundi vyetu vya maombi hapa Manyoni liko ombi lisilokosekana: "Niombeeni, mume wangu aokoke." Wako walioliomba miaka ishirini. Mama anafunga, anakesha, anapalilia mtama peke yake, na jioni baba anarudi kutoka kilabuni akiimba. Ndipo swali linapotoka pamoja na machozi: Ikiwa Mungu ni upendo, tena ni Mwenyezi, kwa nini asimgeuze tu mtu huyu?

Mpendwa, kuuliza hivyo si dhambi. Hebu tulitazame swali hili pamoja.

UPENDO HAUMFUNGI MTU KAMBA

Mtume Paulo anafundisha katika 1 Timotheo 2:4 kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe. Lakini ukisoma Kumbukumbu la Torati 30:19, utaona Musa anaweka mbele ya watu uzima na mauti, kisha anawasihi wachague uzima. Aliwasihi, hakuwachagulia.

Tena mfikirie yule baba wa Luka 15. Mwanawe mdogo alipotaka kuondoka, alimpa urithi akamwacha aende. Hakutuma watumishi wamfunge na kumrudisha. Hata hivyo, kijana aliporudi, baba alimwona angali mbali, akamkimbilia. Hakuacha kumpenda kwa sababu ameondoka, wala hakumlazimisha kukaa kwa sababu anampenda.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili wodini. Mgonjwa mtu mzima, mwenye akili timamu, akikataa dawa, hatumshiki mikono na kummiminia kinywani. Tunamweleza, tunasikiliza anachokiogopa, na zamu inayofuata tunamwendea tena. Kukataa kwake kunatuumiza, lakini uamuzi ni wake.

WOKOVU HAUANZI KWA MKE

Wakristo wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ya Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba pasipo neema mwanadamu hawezi hata kutaka kumrudia Mungu. John Wesley, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 18, alisisitiza kwamba neema hiyo inawafikia watu wote, na mtu aweza kuikataa. Makanisa yanatofautiana hata leo. Lakini juu ya jambo moja wanakubaliana: wokovu huanza kwa Mungu.

Basi, mama, usiubebe mzigo usio wako. Ukiambiwa kwamba mumeo hajaokoka kwa sababu maombi yako ni dhaifu, kumbuka swali la Paulo katika 1 Wakorintho 7:16. Anamwuliza mke atajuaje kama atamwokoa mumewe. Maombi ni kazi yako. Kuokoa si kazi yako.

FESTO NA AMIN

Wazee wa Dodoma, jirani zetu kwa njia ya reli, walimfahamu mwalimu Festo Kivengere kutoka Kigezi, Uganda. Yeye na mkewe Mera walikuja Dodoma katika miaka ya 1940, naye akafundisha shule. Alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, ule ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Festo na Mera walilazimika kukimbia nchi yao kupitia milimani hadi Rwanda. Moyo wa Festo ulijaa uchungu, mpaka alipoutazama msalaba na kuona kwamba Yesu aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linasema wazi kwamba anampenda Idi Amin.

Je, upendo huo ulimgeuza Amin? Alipinduliwa mwaka 1979, akaishi uhamishoni, akafariki Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003, bila kufikishwa mahakamani. Upendo wa Festo haukumfunga Amin kamba. Lakini Festo mwenyewe alifunguliwa kutoka katika chuki. Aliyasamehe mabaya bila kuyaita mema.

NYUMBANI TUFANYEJE?

Kwanza, tuanze na toba yetu. Festo alisimulia jinsi alivyogombana na Mera, naye akataka kwenda kuhubiri hivyohivyo. Roho Mtakatifu akamhimiza arudi kwanza akapatane na mkewe. Huenda mumeo atasikia zaidi ukimwomba radhi kwa neno kali kuliko ukimhubiria usiku kucha.

Pili, mwalike, usimsimange. 1 Petro 3:1 inasema waume waweza kuvutwa na mwenendo wa wake zao pasipo neno.

Tatu, usiwatishe watoto kwa kuwaambia baba yao ni wa motoni. Wafundishe kumwombea na kumheshimu. Wala usimfanye Mungu kuwa fimbo ya kumnyamazisha mtoto mtukutu. Mtoto aliyemjua Mungu kama askari atamkimbia akikua.

Nne, kuheshimu uamuzi wa mume juu ya imani si kukubali kupigwa. Uhuru wa mtu kuchagua haumpi ruhusa ya kumuumiza mwingine. Ukipigwa, tafuta msaada mapema: kwa ndugu, kwa mchungaji, kituo cha afya na polisi. Mungu anayempenda mumeo anakupenda na wewe.

Tano, usichoke kuomba. Hatumwombi Mungu avunje mlango wa moyo wa mtu. Katika Ufunuo 3:20 Yesu amesimama mlangoni anabisha hodi, na anayefungua ni mwenye nyumba. Tunaomba azidi kubisha, na mumeo apate kuisikia sauti yake.

Bwana awatie nguvu, akina mama, ninyi mnaongoja bado.