Bibi Anasahau, Simu Tunazo

Wengi wetu tuliotoka Tarime na Serengeti tumewahi kupigiwa simu ya namna hii: "Bibi yako siku hizi anasahau sana. Jana katoka kwenda kisimani, tukampata jioni barabara ya Mugumu." Ukiuliza kama amepelekwa hospitali, unajibiwa: "Ni uzee tu, mwanangu."

Siyo uzee tu. Kusahau jina la mgeni ni kawaida. Kusahau njia ya nyumba uliyoishi miaka 40 ni dalili ya dimenshia, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole, au ya tatizo jingine linalofanana nayo: sonona, maambukizi, upungufu wa vitamini B12. Dimenshia kwa kawaida haiponi, lakini hayo mengine yanatibika. Anayesema "uzee tu" anaweza kumnyima bibi dawa ambayo ipo. Na kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, mzee akipotea usiku, kuna tembo na fisi.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walichapisha mwaka 2013 kwamba kati ya wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wana dimenshia. Huko huko kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma wala kuandika. Anaulizwa leo ni siku gani, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Baadaye kikawekwa kwenye programu ya simu, ili mhudumu wa afya asiye daktari bingwa aweze kukitumia kijijini.

Hapo ndipo penye somo. Programu nyingi duniani zinadhani mzee mwenyewe atashika simujanja. Bibi wa Nyamwaga ana kitochi, na kupokea tu anasaidiwa. Kwetu simu inafaa iwe mkononi mwa anayemhudumia. Na hilo si geni: wilayani Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women limekuwa likitumia wawakilishi wa vijiji wenye simujanja kuripoti ukatili wa kijinsia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye anaweza kufuatilia wazee wa kijiji chake kwa njia hiyo, mradi maswali yaulizwe kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, siyo Kiswahili cha ofisini.

Lakini kumpima bila kumsaidia ni kumpa jina la ugonjwa tu. Hai hiyo hiyo, vikao 14 vya mazungumzo na michezo ya kuamsha akili, kwa wiki 7, viliwapunguzia wazee wasiwasi na kuwaongezea uwezo wa kufikiri. Havikuhitaji mtambo wowote.

Kwa hiyo likizo hii, comrade, weka alamu ya dawa za presha kwenye simu ya anayeishi na bibi. Andika namba ya nyumbani ndani ya kanga yake. Rekodi litungu na nyimbo za ujana wake, uziweke kwenye memori kadi. Usimpige picha akiwa amechanganyikiwa ukaweka status. Heshima yake haijasahaulika.

Na ukipiga simu, usimuulize "Unanikumbuka?" Huo ni mtihani, na akishindwa anaumia. Mwambie wewe ni nani, mtoto wa nani, kisha mwache aongee. Hata akirudia habari ile ile mara tatu, bando linatosha.