Zabibu za Bahari: Mwani wa Kijani Usiotaka Jokofu

Akina mama wa Unguja na Pemba wamekuwa wakilima mwani kwa biashara tangu 1989, mbegu yake ikiwa imeletwa kutoka Ufilipino. Mwani ule hukaushwa na kuuzwa ng'ambo. Ni nadra kufika katika sinia zetu. Lakini huko huko Ufilipino uko mwani mwingine, wa kijani, ambao familia huula mbichi. Huo ndio tunaopenda kuueleza leo.

Wafilipino huuita lato. Watu wa Okinawa, Japani, huuita umibudo, yaani zabibu za bahari. Jina lake la kitaalamu ni Caulerpa lentillifera. Matawi yake yamejaa punje ndogo mithili ya zabibu changa. Ajabu ya uumbaji wa Allah (SW) ni kuwa mmea mzima, shina lake linalotambaa, matawi na vishikizo vyake, ni seli moja tu yenye viini vingi, isiyo na kuta za kuigawa ndani. Punje hizo hujaa maji, na uhai wake umo katika kuyahifadhi. Anayeielewa siri hiyo ataelewa pia namna ya kuulima na kuula.

Kilimo chake kilianza katika kisiwa cha Mactan, Cebu, miaka ya 1950, baada ya mwani huu kuingia katika mabwawa ya samaki bila kukusudiwa. Mkulima huchukua fungu la vipande, akalichomeka ncha moja katika tope; kila kipande huweza kuwa mmea kamili. Maji ya bahari huingizwa na kutolewa mara kwa mara. Adui wake ni mvua kubwa: chumvi ikishuka chini ya gramu 30 kwa lita, mwani huweza kufa. Baada ya miezi miwili hivi huvunwa, na sehemu huachwa iwe mbegu.

Jikoni, usiutie jokofuni, kwani baridi huuharibu. Usiuchanganye na siki mapema, kwani punje hunywea. Uoshe wakati wa kula, uutie kitunguu na nyanya kama kachumbari, na siki iwe kando ya kuchovyea.

Je, ni halali? Asili ya mimea ni uhalali, isipokuwa inayodhuru au kulevya. Sharti hilo si dogo: mwani hufyonza yaliyomo majini, hata madini yenye sumu. Unaoota karibu na mfereji wa maji machafu haufai. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo naye amwulize daktari kwanza, kwa sababu ya madini joto yaliyomo katika mwani.

Jamii ya Caulerpa huota pia katika pwani yetu, lakini tusichume kwa kukisia; vikundi vya akina mama viwaulize kwanza maofisa wa uvuvi. Bei ya mwani mkavu hupangwa mbali nasi. Mwani mbichi hauvumilii safari ndefu, hivyo mnunuzi wake wa kwanza ni jirani.

Wallahu a'lam.