Wapiga Picha wa Ridhaa na Kumbukumbu za Visiwa Vyetu

Wapo miongoni mwetu watu wapigao picha bila ya kutazamia ujira. Mmoja ni mwalimu, mwengine karani, mwengine mvuvi, na wa nne ni kijana angali anasubiri kazi. Kila wapatapo nafasi huchukua kamera, au simu ya mkononi tu, wakaenda kutafuta mwanga. Wakikutana barazani jioni huonyeshana walichokipata, na mabishano hayakawii kuanza: lenzi ipi yafaa kwa nyuso, kamera ya nani imeingia koga, na kwa nini bahari ya huyu imetoka buluu ilhali ya yule imekuwa kama maji ya mchele. Mpita njia huenda akadhani kuwa ni mazungumzo ya watu wasiokuwa na shughuli. Sisi hatuoni hivyo, na tunawaomba wananchi pamoja na wakuu wa Serikali watusikilize tueleze kwa nini.

Fani hii si ngeni Visiwani. Ilipotangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, Seyyid Said bin Sultan alikuwa bado yuhai, na haukupita muda mrefu kamera ikateremka bandarini kwetu. Mmoja wa waliozileta alikuwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Mto Zambezi, kisha akaja Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa mwakilishi wa Uingereza hapa. Kazi yake haikuwa kupiga picha. Alipiga kwa mapenzi. Hata hivyo picha zake zingali zinatazamwa leo, nazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Baada yake walikuja wenye studio: A. C. Gomes, Mgoa aliyefanya kazi hapa mwishoni mwa karne ya 19, na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930.

Mabwana hao wa studio tunawaheshimu, lakini mwenye studio hupiga alicholipwa kukipiga: bwana harusi, mgeni wa heshima, gwaride. Nani atamlipa ampige mama wa Jambiani anayefunga mwani kwenye kamba, au fundi anayelitia jahazi kalafati, au watoto wanaocheza nage uchochoroni? Kazi hiyo huachiwa mpiga picha wa ridhaa, na asipoifanya yeye haifanywi na mtu.

Thamani ya picha za namna hiyo ilidhihirika tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 lilikuwa limesimama mbele ya macho yetu maisha yetu yote, na kwa hiyo wengi wetu hatukuwa tukilitazama. Fundi atakayelirejesha jengo la aina hiyo hahitaji sifa zake; anahitaji kujua nguzo ilikaa wapi, nakshi ya ukingo wa roshani ilikuwaje, na ufa ule ulionekana kwanza upande gani na mwaka gani. Majibu ya maswali kama hayo aghalabu hayamo katika faili. Huenda yamo katika picha ya familia iliyosimama kando ya jengo siku ya Idi, ambayo mpigaji hakuwa na habari kabisa na nguzo iliyo nyuma yao. Ni kwa picha za kale vilevile tunavyoweza kuona kwamba mnara wa kwanza ulisimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, ukabomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na ndipo baadaye mnara mpya ukaunganishwa na Beit al Ajaib yenyewe.

Lakini tuseme kweli: picha nyingi zipigwazo leo hazitamfaa mtu yeyote baada ya miaka 20. Mpigaji ataeleza kwa saa nzima aina ya lenzi aliyotumia, na ukimuuliza mzee aliyemo katika picha ni nani, hana jibu. Picha isiyo na jina la mtu, mahali wala tarehe ni yatima; huweza kupendeza ukutani, ila haiwezi kutoa ushahidi. Barazani watu wamezoea kuulizana bei ya kamera. Laiti wangeuliza kwanza, "Huyu ni nani, na hapa ni wapi?"

Hatusemi kwamba ufundi haufai kujadiliwa. Liko jambo moja la ufundi ambalo linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi wengineo, nalo ni kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera. Kipimo hicho hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina wastani wa rangi ya kijivu. Sasa msimamishe bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera huona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Kanzu hutoka ya kijivu na uso wa bwana harusi ukawa kama kaa. Mpige mama aliyevaa buibui mlangoni penye giza, na mambo hugeuka: kamera huongeza mwanga, buibui likawa rangi ya majivu na uso ukapauka. Dawa yake ni kupima mwanga usoni kwa mtu na si kwenye nguo yake, au kuongeza mwanga hatua moja penye weupe mwingi na kuupunguza penye weusi.

Kosa hili lina historia. Kwa miaka mingi mashine za kuchapisha picha za rangi zilirekebishwa kwa kufuata kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi wakaziita kadi hizo Shirley. Uso wa mtu mweusi haukuwamo katika hesabu. Kampuni ya Kodak ilianza kuitengeneza filamu yake iweze kuonyesha vyema rangi ya kahawia baada ya kulalamikiwa na wauza samani na wauza chokoleti, ambao bidhaa zao hazikuwa zikitokea vizuri katika matangazo. Mbao zilisikilizwa kabla ya nyuso za watu. Kijana anayelaumu sura yake kwamba "haikubali picha" ni vyema alijue hilo.

Na jua letu nalo lina tabia yake. Wazee waliotumia filamu walikuwa na kanuni rahisi: penye jua kali, tundu la lenzi liwe namba 16, na kasi iwe sawa na namba ya filamu, filamu ya 100 hupigwa kwa 1/125 ya sekunde. Kwenye mchanga mweupe wa Paje au Nungwi walilibana tundu hadi 22, kwa kuwa mchanga hurudisha mwanga. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, macho yakajaa kivuli; bora kupiga kabla ya saa tatu asubuhi au kungoja baada ya saa kumi jioni.

Tugeukie upande wa wakuu. Yapo malalamiko, na si ya mtu mmoja, kwamba mwananchi akionekana na kamera yenye lenzi ndefu huulizwa maswali ambayo mgeni mwenye kamera kama hiyo hayaulizwi. Hatupingi ulinzi. Mahali panapohusu usalama wa nchi pasipigwe picha, na hapo hapana mjadala. Tunachoomba ni kwamba mahali hapo pajulikane kwa kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili, ili mtu asihukumiwe kwa kanuni aliyoijua mlinzi peke yake, na kwingineko mtu aachwe apige.

Nao wapiga picha wasijifanye hawajui stara ya watu. Mwanamke anayetoka kuchokoa pweza akiwa amerowa si mandhari ya mtu kupitia njia akajipigia. Aulizwe, na akikataa, kamera ishushwe. Ya mtoto iombwe kwa wazazi wake.

Kuhusu hifadhi, hewa yetu yenye chumvi na unyevu ni adui wa kila kitu cha picha. Koga huota ndani ya lenzi iliyofungiwa katika mfuko wa ngozi kabatini. Afadhali ikae katika kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Filamu zilizokwisha kusafishwa zisikae karibu na paa la bati. Picha za simu zina msiba wake: simu ikitumbukia baharini huondoka na miaka mitano kwa mara moja, na picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupotelewa na maelezo ya siku na saa ilipopigwa. Nakala mbili, mahali pawili tofauti, ndicho kiasi cha chini kabisa.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba Nyaraka za Taifa, Kilimani, zitenge siku moja ya kila mwezi ambapo mpiga picha wa ridhaa ataweza kuleta nakala ya kazi zake pamoja na karatasi ya maelezo, apokewe na aandikiwe risiti. Pemba nayo isisahauliwe. Chumba kimoja cha skuli, Wete au Chake Chake, chatosha kwa mikutano ya jioni. Fedha zinazohitajika ni chache mno. Wenye albamu za zamani majumbani wasingoje hayo. Wachukue penseli laini, si kalamu ya wino, na nyuma ya kila picha, pembeni, bila ya kukandamiza, waandike ni nani, ni wapi na ni lini. Na ikiwa bibi anayewajua waliomo picha hizo bado yuhai, aulizwe wiki hii.